Watu Watano Nyuma ya Trekta

Sijawahi kuogopa kitu cha chuma kama nilivyouogopa mkono tuliouunda kwa ajili ya trekta la mjomba wangu. Niliogopa kwamba utaua mtu. Wala sikuogopa kijumla tu, kama watu wanavyoogopa ajali za barabarani. Nilimjua hata mtu mwenyewe: angekuwa fundi wetu wa kuchomelea, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na tabia ya kusimama karibu na mzigo na kuuwekea kiganja, kama anayemtuliza ng'ombe wakati wa kukamua.

Wakati huo nilikuwa na shahada ya uhandisi wa mitambo na sikuwa na kazi. Niliomba katika migodi mikubwa, nikaomba katika midogo, nikaomba hata mahali walipotaka dereva, na mimi leseni sina. Mwishowe mama akanipeleka kwa kaka yake kule Mwakitolyo, kwenye machimbo ya dhahabu, akisema huko mashine zinaharibika kila siku na waliosoma ni wachache. Mjomba ana ng'ombe, ana majaruba ya mpunga, na ana trekta dogo analolipenda kuliko hivyo vyote. Lilikuja nchini likiwa limeshatumika Japani. Kimo chake hakinizidi sana, na mbele lina mikono miwili ya chuma inayobeba kijiko cha kuzolea mchanga. Ubavuni lina karatasi za kunata zenye maandishi ya Kijapani. Nilijua kwamba katika maandishi hayo kuna mahali palipoandikwa uzito ambao trekta lisizidishiwe, na jambo hilo lilinikosesha raha. Nilijaribu kuyasoma kwa simu. Mara ya kwanza simu ikatafsiri, "Mzigo wa heshima." Mara ya pili ikasema, "Usimwinue mama."

"Basi mama yako hatumwinui," mjomba akasema. "Vingine vyote ruksa."

Kazi ya kwanza niliyoshiriki haikuwa ule mkono. Ilikuwa meno ya kuzolea samadi zizini. Mjomba alitaka kijiko kitolewe na mahali pake pawekwe meno marefu kama ya uma, yapenye chini ya samadi iliyoshikamana na kuinyanyua mapande mapande. Fundi alikuwa na springi za lori bovu, zile bapa zilizopinda, akaona zinafaa. Mimi nikamwambia chuma cha springi kikichomelewa kinageuka kama kigae; kinaweza kukatika bila kutoa dalili.

Fundi akaniangalia juu ya miwani yake myeusi. Babu yake alifika Shinyanga na wafanyabiashara kutoka pwani. Yeye mwenyewe kazaliwa Shinyanga mjini na bahari hajawahi kuiona, lakini Kiswahili chake kimenyooka na anajivunia. "Binti," akasema, "mimi nimechomelea springi kabla mama yako hajaolewa."

Siku ya tatu zizini jino moja lilikatika. Lilitoa mlio kama wa bunduki, likaruka, likaangukia karibu na ndama. Hakuna aliyeumia. Mjomba akacheka hadi akashika usukani. Ila kuanzia siku ile fundi aliacha kuniita binti kwa sauti ile ya kuburuta, akaanza kuniita injinia, na hakuwa akinidhihaki. Alitengeneza meno mengine kwa mabomba ya kuchoronga miamba, yale yanayouzwa kama chuma chakavu makampuni ya utafiti yakishaondoka. Safari hii aliniuliza kila mshono uwe wapi na uwe na urefu gani. Watu wakasikia. Msichana wa yule mwenye trekta alisema kitu kitakatika, na kikakatika.

Ninaeleza haya ili ieleweke kwa nini baadaye walinisikiliza. Laiti wangeendelea kunipuuza.

Kulikuwa na mama mmoja mwenye karasha, yaani pipa zito la chuma linalozungushwa na injini huku ndani yake gololi za chuma zikisaga mawe yenye dhahabu hadi yawe unga. Mahali alipokuwa nalo maji yalikuwa yakituama, naye alitaka kulihamishia sehemu ya juu, kama hatua mia mbili hivi. Mara ya mwisho kulihamisha walitumia wanaume kumi na wawili na magogo, na mmoja akaacha kidole pale. Akaja kwa mjomba.

"Hilo trekta lako linabeba samadi tu? Au linajua na kazi za watu wazima?"

"Mpwa wangu yuko hapa," mjomba akamjibu, mbele ya watu, bila kuniuliza. "Atatuchorea mkono."

Nikachora. Nilijaza kurasa kumi na moja za daftari kwa kitu ambacho fundi angekimaliza kwa chaki sakafuni. Mabomba mawili yanaanzia pale kijiko kinaposhikwa kwa pini, yanakwenda mbele yakikaribiana, yanakutana nchani, na pale nchani kunaning'inia mnyororo na kulabu ya kuvutia magari. Tulifanya kazi siku tano chini ya banda la bati la fundi, jenereta likinguruma, grinda ikirusha cheche hadi kwenye ndala zangu. Mjomba akija fundi anazima mashine ili wapate nafasi ya kutaniana.

"Msukuma mpe kijiko, atataka akibebee nyumba."

"Na wewe wa pwani upewe kivuli, hutoki hadi Ramadhani."

Mimi nilikuwa nikigonga mishono kwa nyundo ndogo, nikisikiliza. Nikimaliza narudia. Niliota mchana kwamba pini imechomoka. Nikaomba pini ziwe na kufuli, fundi akaziwekea. Nikaomba bapa la ziada kwenye kiungo, akaliweka. Nikaomba la pili.

"Injinia," akasema, "tukiendelea hivi, huu mkono hautanyanyua kitu. Utajinyanyua wenyewe tu, kwa taabu."

Alisema kweli, na hapo ndipo hofu yangu ilipohama. Niliacha kuogopa kwamba mkono utavunjika. Nikaanza kuogopa kwamba hautavunjika. Mkono mrefu usiovunjika, wenye mzigo nchani, unalivuta trekta zima mbele, na magurudumu ya nyuma yanaachana na ardhi. Trekta linainama kama ng'ombe anayekunywa maji, na mzigo unamwangukia aliye karibu nao. Nilirudia hesabu mara nyingi, na kila mara jibu lilikuwa lilelile: bila uzito nyuma, lisingekaa.

Nikamwambia mjomba. Tulikuwa pale kwenye karasha, mama mwenye mali yupo, fundi yupo, na wachimbaji kadhaa waliotoka kwenye duara lao la karibu kupumzika. Duara ndiyo shimo lenyewe la kuchimbia.

"Nyuma panahitaji uzito wa kilo mia tatu na hamsini," nikasema.

Mchimbaji mmoja mrefu, ambaye kila mara alikuwa na neno, akauliza, "Ndiyo kiasi gani hiyo, dada? Tupimie kwa magunia."

Nikafikiri. Nilitaka wanielewe. Nimetafuta sana katika kumbukumbu zangu nia nyingine, ya majivuno labda, na ninadhani ilikuwepo kidogo, lakini zaidi nilitaka wanielewe. Nikasema, "Kama watu watano wazima hivi."

Mjomba akageuka, akanyoosha kidole. "Wewe, wewe, wewe, wewe, na wewe mrefu."

Nyuma ya trekta kulikuwa na jukwaa la mbao alilotumia kubebea mapipa ya maji. Watano walilipanda palepale kujaribu, wakabanana, miguu ikining'inia.

"Mjomba, mimi nilisema kwa mfano tu. Ingekuwa sanduku la mawe," nikasema, lakini taratibu mno.

"Mawe nani atayapakia? Nani atayapakua? Watu wanapanda wenyewe, wanashuka wenyewe."

Kila mtu aliona hoja hiyo haina kasoro. Mimi mwenyewe, kwa muda, sikuiona kasoro yake, ingawa alikuwa ameitamka kwa kinywa chake. Badala yake nikaanza kuhangaika na mambo madogo. Nikawaambia wasicheke wakati wa kunyanyua. Wasipokee simu. Mrefu akavua kofia yake ngumu, akakusanya simu za wenzake humo, akamkabidhi mama mwenye karasha. "Akipiga mke wangu, mwambie nimekuwa jiwe."

Tulinyanyua asubuhi iliyofuata, jua likiwa limeshapanda vizuri. Mjomba kwenye kiti. Watano nyuma. Mama mwenye karasha pembeni na kofia ya simu. Fundi mbele, kanyoosha kiganja juu ya pipa. Nilimwomba asogee nyuma. Nilimwomba mara mbili.

"Likizunguka nani atalishika? Wewe na daftari lako?"

Mimi nilijiweka ubavuni, mahali ninapoliona tairi la nyuma. Tairi la trekta likiwa na uzito linatuna chini, kama tumbo la mtu aliyeketi. Nilikuwa nimeamua kuliangalia hilo tu. Mjomba akavuta kishikio. Mnyororo ukanyooka, ukatoa mlio mmoja. Pipa likaachana na fremu yake, likawa hewani. Watu wakapiga vigelegele vidogo. Pipa likapanda hadi usawa wa kiuno cha fundi, na nilipotazama tena tairi, tumbo lake lilikuwa limekwisha. Lilikuwa duara kamili, limegusa ardhi kama kidole kinavyogusa meza.

Niliuliza kabla kama pipa limemwagwa, nikaambiwa tupu kabisa. Baadaye tulikuta ndani limeganda tope la mawe yaliyosagwa, unene wa kiganja, pande zote. Lakini hata hivyo trekta lilikuwa limesimama. Hilo ndilo ninalotaka liandikwe waziwazi. Lilikuwa limesimama. Uzito ulitosha, kwa kiasi kidogo cha kutisha, lakini ulitosha. Mjomba angeshusha mkono polepole na pipa lingerudi chini.

Mimi nikapiga kelele.

Sikusema neno lenye maana. Ilikuwa "Jamaniii!" au sauti tu. Na sasa lazima nieleze kitu ambacho kila mtu wa machimboni anakijua, na mimi nilikuwa nimeishi nao miezi minne nikikiona. Kwenye maduara, mtu akipiga kelele, hakuna anayeuliza kuna nini. Unakimbia kwanza. Anayegeuka kuuliza ndiye anayefukuliwa. Niliwahi kuwaona wakiruka kutoka mdomoni mwa shimo kama panzi kwa sababu tu mtu kaona nyoka akapiga ukelele, halafu wanarudi wakicheka. Miili yao ilikuwa imefundishwa. Nami nilikuwa nimepiga hesabu ya kila kitu, urefu wa mkono, unene wa bomba, upana wa pini, na katika hesabu hiyo watu wale watano nimewaandika kilo sabini sabini, wasio na masikio.

Waliruka wote kwa pamoja. Jukwaa likabaki tupu, likapanda juu. Nilimwona mjomba akinyanyuka na kiti chake kama mtu aliye juu ya bembea. Pipa likaanguka, likagonga ardhi, likajiviringisha nusu mzunguko. Fundi alikuwa ameanza kurudi nyuma. Mguu mmoja ulirudi, mwingine haukuwahi.

Sauti yake haikuwa kubwa. Alisema, "Ah, kumbe," kama mtu aliyekumbuka jambo, kisha akalala chini.

Walilisukuma pipa kwa mabega, wale wale watano, wakamtoa. Mfupa wa chini ya goti ulikuwa umevunjika. Tulimpeleka hospitali mjini kwa gari la mawe. Njia nzima nilishikilia miwani yake, na alipofumbua macho aliniuliza kama mkono wa trekta umepinda.

Nilitegemea kushtakiwa. Nilikuwa nimejiandaa, nimepanga hata maneno. Badala yake, tuliporudi, watu walinipa pole na shukrani. Mrefu alinishika mikono miwili. "Wabeja, dada, asante. Usingepiga kelele, trekta lingegeuka na sisi juu. Leo tungekuwa marehemu watano na mjomba wa sita."

Nikafungua mdomo.

"Tena ana jicho huyu," mama mwenye karasha akasema. "Sisi wote tunaangalia pipa, yeye anaangalia tairi."

Nikaufunga mdomo. Mjomba alimpigia mama yangu simu akamwambia amezaa mtoto mwenye akili. Nilisikia mama akilia kwa furaha upande wa pili. Nikasema ninaumwa malaria, nikaingia ndani, na kwa wiki mbili sikwenda tena kwenye karasha. Kila aliyekuja kunisalimia alikuja na hadithi ya kelele yangu, na kila mara ilikuwa imekua. Mmoja alisema nilipiga kelele kabla hata pipa halijapanda. Mwingine akasema ni karama, na kwamba bibi yangu mzaa mama naye alikuwa anaona mambo.

Fundi aliporudi, mguu umefungwa plasta ngumu hadi juu ya goti, nilikwenda kwake, karibu na soko. Nilizunguka mtaa ule mara tatu kabla sijabisha. Alikuwa ameketi uani kwenye kiti cha plastiki, mguu juu ya ndoo iliyopinduliwa, akinoa patasi ambayo haikuhitaji kunolewa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, injinia. Karibu. Nasikia uliniokoa."

Nikamwambia. Nilimwambia yote, nikisimama, mikono nyuma kama mwanafunzi. Kwamba trekta lilikuwa limesimama. Kwamba watu wale ndio waliokuwa wakilishikilia. Kwamba kelele yangu ndiyo iliyowatoa, na walipotoka pipa likashuka kwenye mguu wake. Kwamba tangu siku ile kila mtu ananishukuru nami nimekaa kimya.

Aliweka patasi chini. Nilidhani atanituliza. Nilikuwa nimekuja, nadhani, ili anitulize.

"Ulijua watu ni uzito?"

"Nilijua."

"Na ulijua watu wanaruka?"

"Sikufikiri."

"Wewe? Wewe hukufikiri?" Sauti yake ilipanda. "Mtu aliyenigongea mshono mmoja mara sita! Unafikiri mpaka kichwa kinachemka, halafu watu watano wanapanda juu ya mbao mbele ya macho yako, unawaambia wasipokee simu?"

Mkewe alichungulia mlangoni, akarudi ndani.

"Mguu utapona," akasema, bila upole. "Mguu sikuulizi. Nakuuliza kingine. Leo uko hapa kwa sababu gani, wakati wenzako wanainua?"

"Wanainua nini?"

"Pipa. Mjomba wako ule mkono uliopinda kaunyoosha kwa fundi mwingine. Yule mama alipita asubuhi kunijulia hali, akaniambia watu watano watakaa nyuma kama siku ile, na yeye amepewa kazi ya kupiga kelele. Kwa sababu ana sauti. Nikacheka. Nilidhani wewe umewapangia."

Nikageukia mlango wa ua.

"Nenda," akasema. "Na ukifika usikimbie. Wakikuona unakimbia watakimbia."

Nilikimbia nilipokuwa kwenye vichochoro vya soko, ambako hakuna aliyenijali. Nilipolifikia lundo la kwanza la marudio, ule mchanga uliokwisha kusagwa na kuoshwa, nikajilazimisha kutembea. Miguu haikutaka. Nilisikia ngurumo ya trekta kabla sijaliona, ngurumo nzito ya injini iliyobeba kitu.

Pipa lilikuwa hewani. Walikuwa wanalipandisha juu ya fremu mpya, ambayo ilikuwa ndefu kuliko ya zamani, kwa hiyo lilikuwa juu kuliko siku ile, usawa wa kifua. Aliyelishika sasa alikuwa mume wa mama mwenye karasha, mzee mwembamba wa shati la kijani. Watano walikuwa nyuma, wale wale. Na mama mwenyewe alikuwa amesimama juu ya lundo la marudio, kanga kaifunga kiunoni, shingo kainyoosha, macho kwenye tairi. Alikuwa amevuta pumzi tayari. Niliiona kifuani mwake.

Tairi lilikuwa duara kamili.

Nilimwendea yeye kwanza. Nilipanda lundo polepole, mchanga ukititia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Bhebhe, wewe umepona? Sasa niachie, naona hatari pale, nataka nipige..."

"Mama, nakuomba usipige kelele."

"Na hatari je?"

"Hasa kwa sababu ya hatari."

Aliniangalia kama niliyerukwa na akili, lakini ile pumzi aliitoa taratibu kwa pua. Sijui kwa nini alinitii. Labda kwa sababu ya ile sifa ya uongo niliyokuwa nimejiachia ikue. Nilishuka. Nikapita mbele ya mjomba kwa mbali, ili anione.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu! Umeona? Tumeboresha."

"Nimeona. Usiguse kishikio kwanza. Mzee wa shati la kijani, baba, shikamoo. Naomba uliache hilo pipa, urudi nyuma, tembea tu, hadi kwenye ule mti wa miiba."

"Litazunguka."

"Acha lizunguke."

Mzee alimtazama mkewe kule juu ya lundo. Mkewe akaashiria kwa kidevu. Akaliacha. Pipa likazunguka robo, likarudi, likazunguka, na kila lilipozunguka niliona tairi likichezacheza juu ya ardhi. Nilipokuwa chuoni niliambiwa kwamba mzigo unaoyumba ni mzito kuliko mzigo uliotulia. Nilikuwa nimelijibu swali hilo kwenye mtihani.

Nikaenda nyuma. Watano wakaniangalia kutoka juu ya mbao.

"Dada yetu wa kelele," mrefu akasema. "Tushuke?"

"Nawaombeni msishuke."

Nadhani waliona uso wangu, kwa kuwa hakuna aliyecheka. Nilijua kitu kimoja tu kilichobaki cha kufanya, na nilikiogopa kuliko vyote. Nilishika ubao, nikapanda. Walijibana kunipisha. Nikakaa, mtu wa sita, kilo hamsini na mbili, miguu ikining'inia. Kutoka pale sikuweza kuliona tena tairi. Sikuweza kuona chochote ila mgongo wa mjomba na ncha ya mkono mbele yake.

"Mjomba," nikasema, "sasa shusha. Kidogo kidogo, kama unayemlaza mtoto. Na nyinyi, hata mkisikia nini, hata mimi nikilia, kaeni."

"Hata nyuki?" mrefu akanong'ona.

"Hata nyuki."

Mbao ikatikisika chini yetu. Injini ikabadili sauti. Nilihisi nyuma ya trekta ikiinuka kidogo, upana wa kidole labda, na wote sita tukapanda nayo, na mmoja wao, sijui yupi, akaanza kujisogeza kwenye ukingo. Nikamkamata mkono. Nikaanza kuongea, kwa sababu nilihofia kwamba nikinyamaza nitapiga kelele.

Niliwaambia pale pale juu ya mbao. Kwamba siku ile sikuwaokoa. Kwamba wao ndio waliokuwa wakilizuia trekta lisiiname, na mimi nikawafukuza kwa sauti yangu, na fundi akavunjika mguu kwa sababu hiyo. Nilisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayesimulia habari za mpunga, huku nimemshika mtu mkono kwa nguvu hadi baadaye akanionyesha alama za kucha zangu. Sidhani kama walisikia kila neno, injini ilikuwa inanguruma. Mrefu alisikia.

"Kwa hiyo siku zote hizi tunakushukuru," akasema, "umekaa unatuangalia tu."

"Ndiyo."

"Malaria."

"Hapakuwa na malaria."

Alitema mate pembeni. Hakushuka.

Kisha tukashuka sote kwa pamoja, ghafla, sentimita chache, na mbao ikatulia. Mnyororo ulikuwa umelegea. Pipa lilikuwa limekaa ardhini, limeegemea fremu mpya, limelala upande. Mjomba akazima injini, na kimya kikaja kikubwa hivi kwamba nilisikia mchanga ukimomonyoka chini ya miguu ya mama mwenye karasha akishuka kutoka kwenye lundo.

"Sasa je?" mjomba akauliza bila kugeuka. Alikuwa amesikia, au amesikia nusu. Masikio yake yalikuwa mekundu chini ya weusi wake, kama yanavyokuwa akikasirika.

"Sasa sanduku," nikasema. "La chuma. Tujaze mawe. Na mtu yeyote asikae hapa tena."

"Nani atalichomelea? Fundi yuko na mguu juu ya ndoo."

"Nitachomelea mimi. Yeye ataangalia."

Mama mwenye karasha alikuwa amefika, amesimama mbele yetu, mikono kiunoni, anatutazama sita tulivyobanana kwenye mbao kama kuku kwenye fito.

"Na hawa watakaa humo hadi lini?" akauliza.

Watano wakanigeukia. Walikuwa wakingoja neno langu. Pipa lilikuwa chini, mnyororo umelegea, injini imezimwa, na nilijua kabisa, kwa hesabu na kwa macho, kwamba hakuna kilichobaki cha kutuangusha. Nikatazama mkono. Nikatazama pini. Nikamwambia mzee wa shati la kijani arudi hatua tano zaidi, ingawa alikuwa mbali tayari, naye akarudi. Nikafungua mdomo niwaambie washuke, na sauti haikutoka.